Laki sita za kompyuta ya Hiace

Najua nimepotea. Testi zimefuatana kama mabehewa, bumu limechelewa, na laptopu yangu ilikuwa inazimika kila nikifungua madirisha zaidi ya mawili. Lakini leo Jumapili wenzangu wa rumu wote wamekwenda mjini, nimebaki mwenyewe na chai ya rangi, nikasema hapana, hili jambo linanikaa kooni toka Pasaka, acha niliandike.

Aliyenichokoza ni jamaa mmoja wa koridoni kwetu. Juzi kaja na swali: "Mwalimu, wewe si wa Fizikia? Bro wangu kanunua Subaru, anataka kuityuni kompyuta ya injini. Inalipa au hailipi?" Miezi tisa iliyopita ningemjibu ndani ya dakika mbili, tena kwa kujiamini ile mbaya. Safari hii nikamwambia nipe siku tatu. Jibu lenyewe limekuwa refu, nimeona bora tugawane wote.

Kwa msiokujua kwetu: mimi natoka Endagikot, Mbulu, mkoa wa Manyara. Huko ni juu jamani. Jioni ya mwezi wa saba ukitoka bila sweta utajuta, na maharage yanakaa jikoni mpaka unasahau kwamba uliyabandika (hili tutalirudia, siyo utani). Kutoka Babati kuja kwetu lazima upande ukingo wa Bonde la Ufa, iwe kwa Dareda au kwa Magara. Mlima Magara ukiupanda mara ya kwanza ukiwa siti ya dirishani unaweza kukumbuka madhambi yako yote, mpaka yale ya shule ya msingi.

Sasa baba mdogo ana Hiace inayobeba abiria Mbulu na Babati kupitia Magara. Ni ya dizeli, injini ya lita 3 ile wanayoiita 1KD, ina turbo. Aliinunua kwa ng'ombe, kwa vitunguu saumu vya misimu miwili, na kilichobaki kwa mkopo wa SACCOS. Hiyo gari ndiyo ada, ndiyo mbolea, ndiyo sukari ya nyumba mbili. Hata mimi nauli yangu ya kuja chuo mwaka wa kwanza ilitoka kwenye pochi ya konda wake.

Agosti mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa ajili ya TP. Jioni moja nasahihisha madaftari ya Fomu Tuu, baba mdogo kaingia, kakaa, kazungukia habari za mvua na bei ya mahindi, mwisho akasema: "Mwanangu, kuna fundi wa Arusha anasema ndani ya kontroli boksi kuna nguvu imefungwa na Wajapani. Anaifungua kwa laptopu. Gari inapata nguvu ya kupanda, na mafuta yanapungua asilimia 15. Anataka laki sita. Wewe msomi unasemaje?"

Wadau, hapo ndipo palipo na kosa langu. Mzee wa umri ule, ananiuliza mimi, mbele ya mama mdogo na watoto wake. Nilijisikia profesa. Nikaomba usiku mmoja, nikanunua bando, nikasoma.

Nilichokuta kilikuwa kitamu. Injini ile ile ya 1KD, ikifungwa kwenye Hiace ya Japani ya miaka ile inatoa nguvu za farasi 136. Ikifungwa kwenye Prado ya Japani inatoa 170. Injini moja! Nikajiambia: kumbe kweli Wajapani wamefunga. Asubuhi nikampelekea jibu kwa maneno haya hasa, nayakumbuka yote matatu: "Hesabu inakubali, baba."

Kabla sijaendelea, acha nieleze hicho kitu ni nini, maana watu wengi wanakisikia tu. Injini za petroli za zamani zilikuwa na kabureta, mafuta na hewa vinachanganywa kwa matundu na springi. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali ya hewa safi, baadaye bei ya mafuta nayo ikapanda, na watengenezaji wakaona springi haziwezi tena kazi hiyo. Wakaleta kompyuta. Ni kiboksi cha bati kinachopokea taarifa za sensa (hewa kiasi gani inaingia, injini ina joto kiasi gani, mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani), halafu kinaamua mafuta yaingie kiasi gani na kwa wakati gani. Kwenye gari ya petroli kinaamua na muda wa plagi kuwasha. Kwenye dizeli yenye turbo kinaamua pia turbo isukume hewa kiasi gani.

Anaamuaje? Kwa majedwali. Wenzangu wa Hisabati mtafurahi: ni matriksi tupu. Mstari ni mzunguko wa injini, safu ni mzigo, makutano yake ni kiasi cha mafuta. Kutyuni maana yake ni kubadilisha namba za kwenye hayo majedwali, basi. Hakuna chuma kinachobadilishwa. Fundi anachomeka waya kwenye soketi ya chini ya usukani, ile ile ya mashine ya kupimia (Marekani ililazimisha magari madogo yote yawe na soketi ya aina moja kuanzia modeli za 1996, dunia ikafuata), anavuta faili, faili linabadilishwa, linarudishwa. Ya baba mdogo ilichukua kama saa moja na nusu. Fundi alilituma faili kwa intaneti kwa mtu mwingine asiyeiona gari, likarudi limeshabadilishwa. Hakuna aliyefungua hata boneti kuangalia nozeli.

Haya, matokeo. Nitasema ukweli wote, mzuri na mbaya.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Hiace ambayo Magara ilikuwa inapanda kwa gia ya pili inalia, sasa ikawa inapanda na ya tatu mahali pengi. Abiria wakaanza kuisifia stendi. Baba mdogo ni mtu wa daftari, kila safari anaandika lita. Kabla ya kutyuni, kwenda na kurudi ilikuwa lita 21. Wiki ile ya kwanza ikawa lita 19 na nusu. Nikapiga hesabu: ni asilimia 7 hivi, siyo 15, lakini si haba. Ukichukulia lita moja shilingi 2,800, anaokoa 4,200 kwa safari, kwa hiyo laki sita inarudi baada ya safari 143. Kwa safari moja kwa siku ni kama miezi mitano. Nikamwandikia hiyo hesabu kwenye daftari lake, nikapiga mstari chini, nikaweka na sahihi kabisa kama mkaguzi.

Wiki ya nne lita zikawa 22. Zimezidi hata za mwanzo! Mbona? Dereva alikuwa ameizoea nguvu. Wiki ya kwanza alikuwa anaendesha kwa kuogopa, baada ya hapo akaanza kuitumia. Na nguvu haitoki mbinguni, inatoka kwenye dizeli. Hili ni somo la Fomu Tuu nililokuwa nafundisha mwenyewe asubuhi, jioni nalisahau. Mafuta yanaweza kupungua kweli kama dereva hataigusa ile nguvu uliyoilipia. Sasa kama hutaitumia, uliinunua ya nini?

Halafu ukaanza moshi. Mweusi, hasa pale kwenye kona za juu. Konda akawa anatania kwamba tunapika ugali nyuma. Hakuna aliyejali, gari inapanda.

Tarehe 23 Desemba nilikuwa ndani mwenyewe. Nimetoka Dodoma, nimeikuta Hiace ya baba mdogo Babati imejaa pomoni, watu wa Krismasi, mabegi, kuku, magunia juu ya keria. Mvua imenyesha. Tumevuka daraja la Magara, tumeanza kupanda, katikati ya mlima nikasikia mlio kama mtu anagonga bati kwa nyundo kutoka ndani. Nguvu ikaisha, moshi mweupe ukajaa, dereva akaweka kando na tanuboi akarukia mawe ya kuzuia matairi. Tulishuka wote kwenye tope. Kulikuwa na bibi mmoja, nilimbebea mzigo mpaka gari nyingine ilipopatikana saa tatu usiku. Akaniuliza, "Mjukuu, gari hii si ndiyo ile mpya yenye nguvu?" Sikuwa na la kumjibu.

Walipoifungua Babati walikuta pistoni moja imepasuka na nozeli yake inamwaga badala ya kunyunyiza. Ilibidi itafutwe injini nyingine ya mtumba. Pamoja na usafiri na ufundi ilikula milioni 7 na ushee. Ile mistari yangu ya safari 143 ilikuwa bado haijafika hata mia.

Niwe mkweli: siwezi kuapa kwamba kutyuni peke yake ndiko kulikoiua. Gari ilikuwa imetembea sana, na nozeli inawezekana zilikuwa zimechoka zamani. Lakini hapo ndipo penyewe. Injini iliyochoka ilikuwa inaishi kwa akiba ambayo kiwanda kiliiacha. Sisi tukaiuza ile akiba kwa laki sita.

Turudi kwenye maharage. Kwetu yanachelewa kuiva kwa sababu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ukiwa mita 1,800 juu ya bahari yanachemka kwenye 94 hivi. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inaingia kwenye injini. Ukifika mita 2,000 unabaki na kama robo tatu mpaka nne ya tano tu ya hewa ya Dar es Salaam. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu moja kwa moja, na hakuna laptopu itakayoirudisha, maana kisichokuwepo ni hewa. Gari yenye turbo inajitahidi: turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia, kwa hiyo inapata joto zaidi na inakaribia ukomo wake zaidi kuliko ikiwa pwani. Maana yake, kwa gari ya Mbulu, mlima ulikuwa umeshaichukua sehemu ya akiba kabla fundi hajafika. Yeye akaja kutuuzia mara ya pili kitu ambacho mlima ulishakula.

Ukiongeza mafuta bila hewa ya kutosha, yale yasiyoungua vizuri yanatoka kama moshi mweusi, na joto la chumba cha kuchomea linapanda. Pistoni ni aloi ya alumini. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi wa dizeli yenye turbo ikiwa na mzigo mzito unaweza kufika na kupita hapo. Pistoni inapona kwa sababu oili na maji vinaipooza, na kwa sababu kwa kawaida mzigo mzito haudumu: unaovateki, unaachia, injini inapumua. Magara haina pa kuachia. Ni kukanyaga tu mpaka juu, ukiwa na watu kumi na nne na magunia.

Na ile 136 na 170? Sasa naielewa. Prado ni gari ya kubeba familia. Hiace ni punda, imetengenezwa ibebe mzigo kutwa nzima, kila siku, miaka. Yule Mjapani hakufunga nguvu kwa uchoyo. Alikuwa anafikiria mtu kama baba mdogo.

Lakini msije mkasema mwalimu kawa adui wa teknolojia. Faida zipo, na ni za kweli. Dizeli yenye turbo ikiwa nzima, ikatyuniwa na mtu anayepima (anaiweka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, anaangalia joto la eksozi, anaacha akiba), inaongezeka nguvu ya kuvuta waziwazi, na ile gari inakuwa raha. Faida nyingine, ambayo inamhusu bro wa jamaa yangu: Subaru za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zimeandikiwa petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa kwao kama oktani 100. Ukiinywesha petroli ya kawaida ya huku, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga. Kompyuta ina sensa ya kusikiliza huo mgongo na kurudisha nyuma muda wa plagi, lakini unakuwa unaishi kwa kuokolewa kila siku. Fundi makini anaweza kuyaandika upya yale majedwali yaendane na mafuta ya hapa. Hapo kutyuni ni kuilinda injini, hata kama farasi watapungua kidogo. Nadhani hiyo ndiyo aina bora kuliko zote na ndiyo isiyopigiwa debe.

Kwa wenye IST, Vitz, Probox na Noah zisizo na turbo: jamani, achaneni nayo. Kinachoongezeka ni kidogo mno, utakisikia zaidi masikioni kuliko kwenye mlima. Hiyo hela badilisha plagi, chujio la hewa na matairi. Na wale wanaolipia kuondolewa ukomo wa kilometa 180 kwa saa wa magari ya Japani, niambieni mnakwenda wapi, labda kuna barabara siijui.

Tena kuna hasara isiyouma mfukoni mwako. Moshi. Majedwali yale hayalindi injini tu, yanalinda na mapafu ya wanaobaki kando ya barabara. Hata wakubwa walidanganya humo humo: mwaka 2015 Volkswagen ilibainika kuwa iliweka programu kwenye kompyuta za magari ya dizeli, kama milioni 11 duniani, gari ijue iko kwenye kipimo na ijifanye safi, ikitoka barabarani inachafua. Kiboksi kile hakionekani, mwenye gari hawezi kukisoma, kwa hiyo anayekiandika lazima awe mtu unayeweza kumuuliza maswali.

Na maswali ndiyo niliyokosa. Kwa hiyo kaka wa Subaru, kabla hujatoa hela, muulize fundi hivi. Utaikagua kwanza injini, nozeli, turbo na mfumo wa kupooza? Faili unaliandika mwenyewe kwa gari hii, au unaletewa lililopikwa kwa gari za pwani? Utapima kabla na baada, nione namba kwa macho yangu? Na la mwisho: faili la mwanzo utanipa nakala? Sisi hatukupewa. Ilipofungwa injini mpya, kompyuta ilikuwa bado na yale majedwali ya moto, na yule fundi akasema hakuhifadhi. Ilibidi atafutwe mwingine mwenye faili la kiwandani, laki mbili nyingine. Akishindwa hata swali moja kati ya hayo manne, ondoka.

Nilirudi nyumbani Pasaka. Hiace inatembea. Magara inapanda kwa gia ya pili, inalia kama zamani, na siku hizi ule mlio naupenda. Baba mdogo hajawahi kunilaumu hata siku moja, ndiyo maana inauma. Daftari lake bado liko juu ya redio, ukurasa wenye sahihi yangu haujachanwa.

Mdogo wangu, binti yake, alikuwa chuo cha uuguzi, amemaliza muhula wa kwanza. Wa pili hakurudi, ada ilikwenda kwenye injini. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata: "Kaka, nitarudi mwakani, usiwaze. Ila siku nyingine baba akikuuliza kitu, mwambie tu hujui." Akaendelea kupepeta.

Bumu likitoka nimepanga nusu iende kwake. Haitatosha, najua, lakini itapunguza. Na Septemba mwaka huu nikisimama mbele ya darasa kama mwalimu, mwanafunzi akiniuliza nisilolijua, nimeshafanya mazoezi ya kulijibu.

Haya wadau, chai imepoa na kesho saa moja nina kipindi. Jamaa wa koridoni, umepata jibu lako? Mpelekee bro asome mwenyewe, usimfupishie. Siku njema.